Utafiti katika kitengo cha moyo: anzeni na daftari

Vitengo vingi vya moyo humsubiri mshirika wa nje aje na fedha ndipo waanze utafiti. Mradi ukimalizika, utafiti nao unakufa. Hospitali ya Unguja au Pemba yenye kliniki ya moyo, mashine ya eko (inayoonesha moyo kwa mawimbi ya sauti) na muuguzi makini inaweza kuanza kwa vyake.

Chagueni suala moja, dogo, linalowakera wodini. Mfano: kati ya wanaolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, wangapi hurudi kulazwa ndani ya siku 30, na kwa nini? Msianze na "hali ya magonjwa ya moyo Zanzibar". Hilo halina mwisho.

Kisha pigeni hesabu kabla ya kuchapisha fomu. Tuseme mnakisia asilimia 20 hurudi. Mkitaka jawabu lisipishane na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, mnahitaji wagonjwa 246. Ongezeni wa kufidia asilimia 10 watakaopotea, wanakuwa 274. Wodi inayolaza 12 kwa mwezi itachukua karibu miaka miwili, na wakati huo nusu ya timu imeshahamishwa. Mkikubali asilimia 8 juu au chini, 108 wanatosha: miezi tisa. Bora jawabu la wastani lililokamilika.

Daftari lisizidi safu 20: namba ya siri, umri, jinsia, shehia, tarehe ya kulazwa na kutoka, presha, mapigo, uzito, kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), potasiamu (chumvi ya damu), dawa na dozi, hali siku ya 30. Jina lisiwemo; orodha inayounganisha jina na namba ifungiwe kabati jengine. Kwenye EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa na chemba ya kushoto kwa kila pigo, andikeni pia kama imepimwa au imekisiwa kwa jicho. Kila eko ya kumi isomwe upya na mtu wa pili asiyeona jibu la kwanza. Wekeni pia safu ya mfungo: ndiyo au la. Mwezi wa Ramadhani dawa ya kukojoza ya asubuhi huhamia baada ya futari, au huachwa kabisa, na bila safu hiyo hamtajua kwa nini miguu imevimba.

Presha ndiyo inayoharibika kimyakimya. Mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili kwa kupisha dakika moja. Mwisho wa mwezi hesabuni tarakimu za mwisho. Mashine ya mkono ina alama kila baada ya 2, hivyo 0, 2, 4, 6 na 8 zitokee takriban moja ya tano kila moja. Nusu ya vipimo vikiishia na 0, watu wanakadiria. Msimgombeze mtu, pimeni upya pamoja, kanda ya mkono ikishuka taratibu, milimita 2 au 3 kwa sekunde.

Kibali cha ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, kitangulie, hata kama mnasoma majalada ya zamani tu. Fomu ya ridhaa iwe Kiswahili cha kueleweka na mtu wa Makunduchi au Micheweni, si cha semina. Mgonjwa anayetweta asiombwe saini, subirini atulie. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, kisha atie dole gumba.

Wagonjwa wengi watapotea kwenye ufuatiliaji, si kwenye upimaji. Wavuvi hupiga dago, yaani huweka kambi mbali na kwao, na msimu wa karafuu Pemba watu huhamia mashamba. Chukueni namba mbili, yake na ya jamaa, na muulize atakuwa wapi mwezi ujao. Simu ikipokewa na mwengine, ugonjwa usitajwe:

"Assalaam alaykum. Shikamoo bibi. Naomba kuzungumza na mwenyewe. Hayupo? Basi nitapiga tena baada ya laasiri, inshallah."

Utamaduni wenyewe unajengwa na nusu saa kwa wiki isiyofutwa, tuseme Alhamisi saa 2 asubuhi kabla ya kliniki. Wiki moja someni makala. Wiki ya pili fungueni daftari mtazame safu zilizo tupu. Muuguzi anayelitunza apewe nusu siku kwenye ratiba ya zamu, na jina lake liwemo kwenye makala akitimiza masharti ya uandishi. Asipopewa muda, atajaza fomu usiku kwa kukumbuka, na takwimu za kukumbuka hazifai.

Mshirika wa nje akija, kubalianeni kwa maandishi nani atashika takwimu na nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Nakala iliyofungwa kwa nywila ikae kwenye kompyuta ya kitengo na ihuishwe kila mwezi. Takwimu zilizo kwenye laptopu ya daktari mmoja huondoka naye siku ya uhamisho.