Hifadhi ya Arusha kwa siku moja: utembee njia ipi na mkae wapi kula

Watu wengi wakipanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha wanaanza na wanyama, tutaona nini, simba wapo au hawapo, alafu habari ya kutembea kwa miguu wanaikumbukia getini saa 4 asubuhi, wakati Mlima Meru ushajifunika wingu. Simba pale hamna kweli, na ndo maana unaweza kushuka kwenye gari ukatembea na askari bila presha kubwa, kitu ambacho mbuga nyingi hukipati kirahisi. Kwa hiyo ushauri wangu, panga siku yako kwa kufuata saa na mawingu kwanza, pili uangalie miguu ya yule mzito kuliko wote kwenye kundi lenu. Hayo mawili yakikaa sawa, sehemu ya kula itajulikana tu.

Kwanza uelewe lile eneo limekaaje, maana ni volkano na kila kitu pale kimetokana na volkano. Meru ina mita 4,562, ila umbo lake la zamani lilikuwa tofauti, maelfu ya miaka iliyopita upande wa mashariki wote ukabomoka, mawe na tope vikaporomoka mpaka kule chini kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vidogo unavyoviona ukiwa Momella ni mabonge ya mlima wenyewe, na maziwa ya Momella yamejaa kwenye mabonde katikati ya hayo mabonge. Sasa faida yake kwako ni hii: mlima umefunguka upande wa mashariki, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja ndani ya kreta, unaona ule ukuta mkubwa wa mwamba na kile kilima cha majivu katikati, vizuri kabisa. Ikifika saa 4 au 5 wingu linapanda kutoka msituni na linaziba. Ndo basi, unaweza usiuone tena mpaka jioni.

Hapa ndo watu wengi wanapoteza asubuhi yao. Mnaingia geti la Ngongongare, kreta ya Ngurdoto iko karibu, dereva anasema tuanze hapo tumalizane nayo, mnafika juu ukungu umejaa msituni hamuoni hata chini, mnasubiri, mnapiga picha za ukungu, mkija kutoka hapo kwenda Momella saa 5 ishagonga. Mwambieni dereva mapema kwamba mnaenda Momella moja kwa moja, Ngurdoto mtapita mchana mkirudi, ukungu mara nyingi unakuwa umeachia na njia ni ile ile. Njiani mtapita uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, hapo twiga, pundamilia na ngiri mnawaona bila kuhangaika, simameni dakika chache tu alafu endeleeni.

Matembezi yanaanzia geti la Momella, askari mwenye silaha ni lazima, sio hiari, na ada ya kutembea ni tofauti na kiingilio. Sababu ya askari ni nyati. Nyati ni wengi sana pale, na majani yakiwa marefu kuna jambo utaliona mwenyewe: mawe meusi ya volkano yametapakaa kila mahali, na mgongo wa nyati aliyelala kwa mbali unafanana nayo kabisa, askari anasimama ghafla, anaangalia jiwe moja muda mrefu, alafu anawazungusha upande mwingine hata hujaelewa kwa nini. Akisimama simameni, msibishane nae na wala msipitilize mbele kupiga picha.

Kwa kundi la kawaida, yaani watu wazima wenye afya ya kawaida na vijana, mi nitachagua maporomoko ya Tululusia bila kufikiria mara mbili. Mnaanza kwenye uwanda wa majani, nyati na twiga wako wazi, mlima uko mbele yenu, alafu njia inaanza kupanda taratibu mnaingia kwenye miti mpaka kwenye korongo ambalo maji yanaanguka. Kwenda na kurudi weka masaa mawili hadi matatu ukijumlisha kusimama simama. Mkianza saa 2 asubuhi mnakuwa mmerudi njaa ndo inaanza kuuma, hamjachoka sana na siku bado ipo. Pale kwenye maporomoko mawe yana utelezi, raba zenye soli iliyolika ziacheni nyumbani, na ndala hizo hata usifikirie.

Kama mna wazee, mama mwenye magoti, au watoto ambao wakitembea nusu saa wanataka kubebwa, nendeni upande wa msituni kwa gari mpaka kwenye ule mkuyu mkubwa ambao mizizi yake imeacha upenyo kama geti, gari linapita katikati. Mkifika shukeni mtembee kidogo hapo hapo na askari, msikilize msitu, mbega wanaruka na ile mikia yao mieupe inaning'inia, hondohondo wanapiga kelele juu. Maporomoko ya Maio pia yako upande huo. Ila njia hiyo inataka gari la four-wheel, mvua ikinyesha ule udongo wa majivu unakuwa kama sabuni, Noah itawakwamisha. Na kabla hamjafunga safari ulizeni hifadhini kuhusu umri wa watoto kwa njia mnayoitaka, msije mkagawanyika getini wengine wanaenda wengine wanalia.

Wale wenye pumzi, kuna kupanda kuelekea kwenye kreta yenyewe ya Meru au mpaka Miriakamba, kile kituo cha kwanza cha wapanda mlima. Geti la Momella liko mita 1,500 hivi, Miriakamba ni 2,514, kwa hiyo unapanda kama mita 1,000 na unashuka siku hiyo hiyo, hiyo ni siku nzima, usije ukaichanganya na maziwa wala Ngurdoto wala kitu kingine. Kuna njia fupi inayopanda kwa nguvu kupitia uwandani, na ndefu inayozunguka msituni ambayo ni ya taratibu zaidi. Mkienda huko kubalianeni saa ya kugeuka kabla hamjaanza, mkiwa mmefika au hamjafika mnageuka, maana askari hawezi kuwashusha gizani kwenye nyati kisa mmoja wenu alitaka selfie ya juu. Na jaketi ubebe hata kama Arusha mjini jua linawaka, mwezi wa 6 na wa 7 kule juu kuna baridi ya kweli.

Ngurdoto sio ya kutembea sana, ni ya kutazama. Huruhusiwi kushuka ndani ya kreta, wanyama wameachiwa wenyewe, wewe unabaki kwenye ukingo unasimama kwenye sehemu za kutazamia kama Mikindu na Leitong, ambayo ndo juu kabisa. Bebeni darubini, bila darubini nyati kule chini ni vidoti tu. Hapo inafaa chai na andazi mchana mkirudi, sio kufungua hotpoti.

Chakula cha mchana fungulieni Momella, kwenye maeneo ya pikiniki yaliyotengwa karibu na maziwa. Ukikaa vizuri unaona maji huku na Meru kule, na kukiwa na heroe ziwa lina ukingo wa pinki. Wakati mnakula angalieni rangi za maziwa, haya maji yanatoka chini ya ardhi yamebeba chumvi na magadi kwa kiwango tofauti, ndo maana ziwa moja kijani lingine limekaa kibuluu wakati yako jirani. Kama mna hela ya ziada kuna mitumbwi ya kupiga kasia kwenye ziwa la Momella Ndogo, hiyo nayo ni nzuri kwa wale ambao hawakwenda Tululusia, wanapata na wao cha kusimulia.

Maji ya kunywa beba ya kutosha kutoka mjini, kwa mtu mmoja lita moja na nusu ndo kima cha chini kwa siku. Usijaze chupa kwenye kijito hata kama maji yanang'aa, maeneo mengi ya huku maji yana madini ya floraidi kwa wingi kutokana na hiyo volkano, yanaharibu rangi ya meno, waulize watu wa Ngarenanyuki, hapo jirani na hifadhi, watakuambia.

Kwenye chakula, chukueni vitu vinavyoliwa kwa mkono bila mambo mengi: chapati, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga, ndizi, pilau kwenye hotpoti kama gari ni lenu. Moto hamna, nyama choma subirini mkirudi Usa River, ule mji mdogo wa njiani kurudi Arusha. Na nyani jamani, nyani wa pale wanajua mlango wa gari unafungwaje na unafunguliwaje, wanasubiri mmoja wenu aende kupiga picha. Funga vioo vyote, chakula kisiwekwe juu ya boneti, mtoto asitembee na ndizi mkononi, na ukiona nyani dume anakuja usimnyang'anye alichoshika, mwachie. Usiwarushie hata kipande, maana mgeni wa kesho ndo ataumwa kwa ajili yako.

Miezi, nikisema kwa haraka: kuanzia wa 6 mpaka wa 10 njia ni kavu ila kuna vumbi na ubaridi, wa 12 mpaka wa 2 ni nzuri na ndege wageni ni wengi, masika mwezi wa 3 mpaka wa 5 msitu unapendeza sana lakini siafu wapo njiani, chomekea suruali ndani ya soksi. Getini malipo hayapokelewi keshi, andaa kadi au lipa kwa control number, na kitambulisho cha taifa usisahau maana bei ya mwananchi na ya mgeni zimepishana mbali. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, bebeni kapu na mfuko wa kitambaa wa kurudishia takataka. Saa 9 na nusu muwe mshaanza kurudi kupitia Ngurdoto, mpate nusu saa pale juu na bado mtoke geti la Ngongongare kabla hawajafunga.