Kabla ya kumwandikisha mtoto shule ya Kifaransa Kanada

Anza kwa kujua ni shule ipi unayoiombea, maana Kanada zipo za aina mbili na wageni huzichanganya. Nje ya Quebec, jimbo la wazungumzaji wa Kifaransa, za kwanza ni za jamii ya wachache inayozungumza Kifaransa, zinazolindwa na kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki wa mwaka 1982, ulio sehemu ya katiba ya Kanada. Karibu kila kitu huko ni Kifaransa, hata barua inayoletwa nyumbani. Mzazi aliyesoma kwa Kifaransa, tuseme Bukavu au Bujumbura, aziulizie hizi kwanza. Katika jimbo la Ontario, kwa mfano, asiye na haki chini ya kifungu hicho anaweza kuomba kupitia kamati ya udahili.

Aina ya pili, iitwayo French immersion, ni shule za Kiingereza ambamo mtoto hufundishwa masomo yenyewe kwa Kifaransa. Mpango huu ulianza Saint-Lambert, Quebec, mwaka 1965, kwa shinikizo la wazazi wanaozungumza Kiingereza. Ulibuniwa kwa watoto ambao kwao hakuna Kifaransa, kwa hiyo kutokijua kwako si kizuizi.

Hapa ndipo pa kuuliza kwa undani: saa ngapi? Ontario inataka mpango kamili ufikishe angalau saa 3,800 za Kifaransa hadi mwisho wa darasa la nane. Ule wa kati (Extended French) ni 1,260, na Kifaransa kama somo la kawaida ni 600. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha kwa maneno ya kijitabu cha matangazo. Uliza hisabati inafundishwa kwa lugha gani, sayansi je, na Kiingereza kinaingia darasa la ngapi. Mara nyingi ni la tatu au la nne, na kabla ya hapo mtoto huweza kubaki nyuma katika kusoma Kiingereza, kisha akawafikia wenzake. Usimhamishe kwa hofu hiyo.

Walimu wa Kifaransa ni adimu, hivyo uliza nani hushika darasa mwalimu akienda likizo ya uzazi. Uliza pia kama mtoto anayepata shida ya kusoma husaidiwa kwa Kifaransa, au mzazi huambiwa tu amrudishe darasa la Kiingereza. Kwangu mimi, jibu la swali hili linaipima shule kuliko alama za mitihani.

Kiswahili kiendelee nyumbani. Hakimzuii mtoto kujifunza lugha nyingine, na Kifaransa chako cha kubahatisha hakitamfaa kuliko hadithi unazozimudu.

Maombi hufunguliwa mapema, na baadhi ya bodi za elimu huchagua kwa bahati nasibu nafasi zikiwa chache. Basi la shule huenda lisifike mtaani kwenu. Mwisho, tafuta sekondari itakayoendeleza mpango huo: cheti chake Ontario kinadai kredi 10 za masomo yanayofundishwa kwa Kifaransa, na si kila sekondari inazitoa.