Kuchagua kivinjari kinachoifaa laptopu yako na bando lako

Wanaoniletea laptopu nizitengeneze hapa Kampala huuliza kivinjari kipi, yaani programu ya kufungulia tovuti, ni bora. Jibu langu huanza na mashine, likafuata bando, na kivinjari huja mwisho. Kinachoteleza kwenye kompyuta mpya kinaweza kuigandisha laptopu ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4.

Hatua ya 1: Ijue mashine

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Ukikuta Windows 7 au 8.1, Chrome mpya haitaingia. Toleo la mwisho kwa mifumo hiyo lilikuwa la 109, mwaka 2023. Usifanyie mambo ya benki humo. Windows 10 nayo, Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo laptopu nyingi za zamani hazipiti.

Kwa hizo zilizokwama napendekeza Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, bila kusita. Ni ya bure, RAM ya GB 4 inaitosha, na huja na Firefox tayari. Anayetegemea programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows ahakikishe kwanza itafanya kazi huko.

Mwenye Mac atumie Safari, hasa umeme unapokatika, maana haili betri sana. Lakini Safari iko kwenye vifaa vya Apple tu. Ile ya Windows iliachwa mwaka 2012. Kama simu yako ni Android, maneno ya siri uliyohifadhi Safari hayatakufuata mfukoni.

Hatua ya 2: Punguza orodha

Chrome, Opera, Brave na Edge (tangu Januari 2020) zote zimejengwa juu ya msingi mmoja wa programu uitwao Chromium. Kurasa zitaonekana karibu sawa katika zote nne. Firefox ina injini yake ya kuonyesha kurasa, Gecko. Basi usijisumbue kupima tano: chukua moja ya Chromium na Firefox.

Hatua ya 3: Pima kwa kurasa zako

Hapa usiharakishe. Fungua kurasa unazozitumia kila siku: barua pepe, tovuti ya URA (mamlaka ya kodi ya Uganda), YouTube, magazeti unayosoma. Fungua zilezile katika kivinjari cha kwanza, uzitumie kwa muda kama kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Tazama safu ya Memory: kivinjari kimemeza kiasi gani cha RAM? Andika. Kifunge kabisa, kisha rudia kwa cha pili. Ndani ya Chrome, Shift na Esc huonyesha kila kichupo kinakula kiasi gani, na mara nyingi mkosaji ni kichupo kimoja tu chenye video au matangazo mengi.

Kuhusu matangazo, mimi nasimama na Firefox. Kizuia matangazo cha uBlock Origin hufanya kazi humo kikamilifu, ilhali Chrome imeacha kukikubali na kubakiza toleo jepesi. Tangazo lisilopakuliwa halili bando, na tangu Julai 2021 data yetu inatozwa ushuru wa asilimia 12. Kila megabaiti inayopotea inaniuma.

Hatua ya 4: Linda bando

Ukitumia hotspoti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, bofya jina la hotspoti hiyo, uwashe palipoandikwa Metered connection (mtandao wa kubana data). Windows itaahirisha masasisho mengi makubwa. Kwenye ukurasa wa Data usage utaona kila programu ilivyotumia data. Linganisha vivinjari vyako hapo pia.

Hatua ya 5: Hama na maneno yako ya siri

Katika mipangilio ya maneno ya siri ya kivinjari cha zamani, tafuta sehemu ya kuyatoa nje. Utapata faili la CSV, yaani orodha ya maandishi ya kawaida. Liingize kwenye kivinjari kipya, hakikisha unaingia kwenye barua pepe yako bila tatizo, kisha lifute faili na umwage pia pipa la takataka la kompyuta. Maneno yote yamo humo wazi, na yeyote atakayeishika laptopu hiyo anaweza kuyasoma. Usifanye hatua hii kwenye kompyuta ya kafe, hata ukiwa na haraka.