Kompyuta ya gemu kwa hela ndogo hapa Arusha: ijue pawasaplai kabla hujanunua kadi

Wadau wa gemu wa Arusha na Moshi, hii ni ya wale wenye laki nane, laki tisa hivi mkononi na wanataka mashine ya kuchapa gemu. Madogo wa huku Sakina wananiita sana niwasindikize madukani, na kosa ninalokutana nalo kila mara ni lile lile, mtu anaanza na kesi ya kioo yenye mataa halafu grafiksi kadi, ile inayochora picha za gemu, inanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Geuza hesabu. Karibu nusu ya hela yako iende kwenye kadi, hivyo vingine vyote vitafute bei rahisi, ila pawasaplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, uijue mapema maana yenyewe ndo inaamua kadi gani utafunga.

Njia inayolipa ni kompyuta za maofisini zilizotumika, hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Mjini zipo, Kariakoo zipo zaidi na ukiwa na mtu wa kuaminika Dar anakuwekea kwenye basi unaenda kupokea stendi. Chukua tawa, ile kubwa ya kusimama. Ile nyembamba inakubali kadi za bati fupi (low profile) tu, na zinasumbua kupatikana. Ile ndogo kama kitabu haina kabisa pa kuchomeka kadi, achana nayo hata kama ni i7.

Kwenye prosesa, i5-6500 ni kori 4 (kama vichwa vinne vya kufanya kazi), gemu za zamani kama GTA V inazisukuma vizuri tu, lakini ukiweza panda mpaka jeni (kizazi) ya 8, i5-8500, hapo unapata kori 6 na Windows 11 inaikubali rasmi, wakati Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Na usidanganywe kwamba utanunua ya jeni ya 6 halafu baadaye ubadilishe prosesa tu uweke ya 8, soketi, yaani pale prosesa inapokaa, zote zinaitwa 1151 ndiyo, ila madabodi ya zamani, ile bodi kubwa vyote vinapochomekwa, haiwashi prosesa mpya.

Sasa pawasaplai, hapa nilipoteza hela yangu mwenyewe. Niliona RX 580 ya 8GB bei imekaa vizuri, nikalipa, nikafika nyumbani nikafungua ubavu wa OptiPlex na kumulika na tochi ya simu. Kistika kinasema 240W. Kadi yenyewe inakula mpaka 185W peke yake na inataka waya wa pini 8, nikatafuta huo waya mle ndani haupo, nikasema basi nitabadilisha pawasaplai, kuangalia waya unaoingia kwenye madabodi sio ule mpana wa pini 24 unaouzwa kila mahali, Dell wanatumia wa kwao. Kadi ikakaa kabatini miezi minne mpaka nikapata wa kuniuzia adapta ya huo waya. Kwahiyo fungua ubavu ukiwa bado dukani, soma kistika, ndo uchague kadi.

Kama pawasaplai ni hizi za 180W mpaka 260W bila waya wa ziada, tafuta kadi inayokula umeme wa kwenye sloti tu, lile tundu la madabodi inapochomekwa, yaani isiyozidi 75W. GTX 1650 ya 4GB ndo ninayowashauri wengi, ikikushinda bei chukua GTX 1050 Ti. Iangalie kwa juu ukingoni, kuna GTX 1650 zinazotaka waya wa pini 6, hizo zikupite. RX 6400 nayo haitaki waya, lakini kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 (toleo la zamani la sloti) inapoteza nguvu kwa sababu imetengenezwa na njia 4 tu za kupitisha data.

Kadi feki zipo jamani. Kuna kadi za zamani zimebadilishwa programu ya ndani zijitangaze kuwa 1050 Ti. Kuna RX 580 imeandikwa 2048SP, hiyo kiukweli nguvu yake ni ya RX 570. GTX 1060 ya 3GB na ya 6GB nazo hazilingani, sio memori tu, hata kori za ndani zimepunguzwa. Beba flashi yenye programu mbili, GPU-Z inayokuonyesha kadi ni ipi na FurMark inayoikamua kadi kuipima, umwambie muuzaji kwa adabu, "Shikamoo kaka, naomba niiwashe robo saa kabla sijalipa." Mwenye mali safi atakuvutia kiti. GPU-Z ikiandika FAKE mbele ya jina, mrudishie kadi yake. FurMark ikizunguka sikiliza feni, angalia kama skrini inatoa vidoti au joto linapita nyuzi 85, na kama mashine inajizima.

RAM weka 8GB mbili badala ya moja ya 16GB, zinafanya kazi kwa pamoja na fremu (picha kwa sekunde) zinapanda. SSD ya 256GB inatosha kuanzia, gemu nyingine zirundike kwenye hadi diski ya zamani.

Kama hela ya kadi haipo kabisa kwa sasa, fikiria prosesa ya Ryzen 5 5600G kwenye madabodi ya AM4 (soketi yake), ina grafiksi yake ndani, gemu nyepesi utacheza, kadi utaongeza ukivuna au ukipata kibarua. Hapo RAM mbili ni lazima maana grafiksi inakopa memori humo humo.

Mwisho tenga hela ya UPS, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika, hata ndogo, umeme ukikatika na kurudi ghafla ndo unaua vitu. Walio Moshi joto la Januari na Februari linachosha mashine, usiifungie ndani ya kabati la meza. Na vumbi la kiangazi, kila baada ya miezi miwili zima, chomoa, fungua, pitisha brashi laini kwenye feni huku umezishika na kidole zisizunguke.