Kuziba mkwaruzo mdogo wa rangi ya gari ukiwa Malindi

Njia ya Marafa ina miiba, sokoni kuna mikokoteni, na tuktuk hupenya popote zinapoona mwanya. Mkwaruzo hutaukwepa. Unachoweza kukwepa ni kutu, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi na bati lililo wazi halisubiri mwisho wa mwezi upate pesa.

1. Osha

Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya huku vina chumvi, na maji yake yakikauka huacha madoa meupe. Shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Na ukiosha kwa vijana wa barabarani, wakataze kupangusa gari kwa mafuta ya taa. Yanang'arisha kwa siku mbili, yanaficha mkwaruzo, kisha rangi mpya haishiki juu ya mafuta.

2. Pima kina

Lowesha mkwaruzo. Ukipotea ukiwa na maji, umeishia kwenye klia, tabaka la juu lisilo na rangi: nenda hatua ya 3. Pitisha ukucha. Ukinasa, na ndani unaona kijivu, bati au wekundu wa kutu, ruka hadi ya 4. Bampa ya plastiki haioti kutu, lakini inataka praima (rangi ya msingi) ya plastiki. Praima ya bati itabanduka.

Kumbuka unachochezea: rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama 40 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele.

3. Mkwaruzo wa juu

Weka kampaundi laini (krimu ya kusugulia rangi), kiasi cha punje ya kunde, kwenye kitambaa cha maikrofaiba. Sugua eneo la viganja viwili kwa mkono, futa, angalia, rudia. Malizia na polishi. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, gari hilo halina klia (nyeupe nyingi za zamani ziko hivyo), basi punguza nguvu. Mashine ya kuzunguka iache kwa aliyeizoea: kwenye kingo za mlango inakula rangi hadi praima kwa sekunde chache. Dawa ya meno ni ya meno.

4. Mkwaruzo wa ndani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na karibu kila mara ni kwa haraka.

Anza na kodi ya rangi, yaani namba yake ya kiwandani. Kwenye Toyota, tafuta kibati kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, mstari wa C/TR. Alama tatu za mwanzo, ziwe tarakimu au herufi, ndizo rangi: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Zilizobaki ni za upholstari, yaani vitambaa vya ndani. Mpe mchanganyaji kodi, usimwambie "nyeupe ya Toyota". Ukirudi nyumbani paka kidogo kwenye kadi, ikauke, uilinganishe na mlango ukiwa juani. Gari lililokaa miaka kumi kwenye jua la Malindi limepauka, hivyo kodi sahihi inaweza bado kutofautiana kidogo. Kama kodi ni 070, ile nyeupe ya lulu, hiyo ni tabaka tatu. Mkwaruzo ukiwa katikati ya mlango, mpelekee fundi wa rangi. Ukiwa chini karibu na kizingiti, jaribu mwenyewe.

Kutu itoke yote. Kunja kipande cha msasa wa 400, tumia ncha tu, ukwangue hadi bati ling'ae. Ukipaka juu ya kutu, itatambaa chini kwa chini hadi rangi ivimbe. Kisha pangusa kwa spiriti isiyo na mafuta. Angalia chupa: spiriti ya hospitali mara nyingi huwa na mafuta ya mbarika ya kulainisha ngozi, na hayo ndiyo yanayofanya rangi ijikunje. Thina usiitumie kabla ya kuijaribu mahali pasipoonekana. Magari mengi yameshapulizwa upya, na baadhi ya rangi hizo huyeyuka kwa thina.

Weka praima kwenye bati pekee, kwa ncha ya kijiti cha meno. Burashi ya kwenye kifuniko ni nene mno, itupe. Ikikauka, tia rangi vivyo hivyo: tone dogo, liache litiririke lenyewe ndani ya ufa. Tabaka tatu au nne nyembamba, nusu saa kati yake. Tabaka moja nene hukauka juu tu, hubaki bichi ndani, na baada ya wiki huzama ukaona bonde. Rangi ya metaliki itikise sana, na ukubali kwamba kwa kijiti itatoka imekoza kidogo, maana chembe zake hazilali kama zilivyopulizwa.

Sasa saa. Fanya kazi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umeshakauka na bati halijawaka. Ukishindwa kuegemeza nyuma ya kiganja kwenye bati kwa sekunde tano, ni moto mno. Rangi itatoa vipovu. Wakati wa kusi, siku ya mawingu na unyevu, klia hugeuka kama maziwa: thina inapopaa hupoza uso, na unyevu wa hewa unatua humo. Siku hiyo ahirisha. Chini ya banda la makuti, tandaza leso juu kwanza, la sivyo utakuta vumbi na mdudu ndani ya klia.

5. Klia

Ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha), si ya kopo la kupuliza. Kama kopo linasema 2:1, vuta ml 2 za klia na ml 1 ya hadena kwa bomba la sindano. Vaa glavu, kaa penye hewa. Jaza hadi ipite uso wa rangi kidogo tu.

6. Sawazisha

Ngoja angalau siku mbili. Wakati wa mvua, nne. Bandika maskin tepu pande zote mbili za kimwinuko. Loweka msasa wa 2000 dakika kumi, uzungushe kwenye raba ya penseli, sugua kwa maji ya shampuu. Tepu ikianza kuchubuka, ing'oe, maliza kwa 3000, kisha kampaundi na polishi.

7. Nta

Sehemu uliyopaka ikae mwezi mzima bila nta. Baada ya hapo paka gari lote, na urudie kila unapoona maji yanalala bapa kwenye boneti badala ya kusimama matone.