Kabla Hujalipa Ada ya Kusomea Uchunguzi wa Eneo la Tukio

Kila baada ya muda mtu ananiuliza chuo gani ni kizuri kwa kusomea sayansi ya jinai. Nikimchokonoa kidogo nagundua ameshajaza fomu, ada ameshakopa, na anachokitaka kwangu ni baraka tu. Baraka sina. Nina mambo ya kukuambia, na mengine nimeyalipia mwenyewe.

Anza kwa kujua ni kazi ipi hasa unayoitaka. Kwenye runinga mtu mmoja anaokota ganda la risasi, anapasua maiti, anapima damu, anamhoji mshukiwa na kumtia pingu, yote kabla ya matangazo. Nje ya runinga hao ni watu wanne au watano, na wengine hawajuani hata kwa sura. Anayepasua maiti ni daktari: alisomea udaktari kwanza, ndipo akabobea kwenye patholojia, yaani uchunguzi wa magonjwa na chanzo cha kifo. Anayehoji ni mpelelezi. Anayepima damu ni mtu wa maabara, na anaweza kustaafu bila kupita hata siku moja chini ya ule utepe wa polisi. Anayeingia ndani na kamera, glovu na mifuko ndiye mchunguzi wa eneo la tukio. Huyu katika nchi nyingine ni askari kamili, na katika nyingine ni raia aliyeajiriwa na polisi. Usiipuuze tofauti hiyo. Kama kwenu ni askari, shahada peke yake haikufikishi popote. Kuna umri wa mwisho wa kuajiriwa, kuna kupimwa macho, kuna kukimbizwa uwanjani. Waulize wanaoajiri. Usikiulize chuo, maana chuo kinauza viti.

Jina la shahada lisikulevye. Nimeona programu zenye neno "jinai" kwenye kila somo na maabara ya saa mbili kwa wiki. Nimeona pia shahada kavu za kemia, na wenye nazo wakapata kazi kabla ya mahafali. Maabara inamtaka mtu anayejua kemia na baiolojia. Hayo ya jinai itamfundisha yenyewe. Ukilenga kupima DNA, yaani vinasaba, hakikisha matokeo yako yataonyesha biokemia, jenetiki, baiolojia ya molekuli na takwimu. Kule Marekani viwango vya ubora vya FBI, shirika lao la upelelezi, kwa maabara za DNA vinayadai masomo hayo, na si wao peke yao wanaoangalia. Takwimu usiikimbie. Najua unataka kuikimbia.

Rekodi yako iwe safi: dawa za kulevya, madeni ya ajabu, uongo kwenye wasifu. Anayechunguzwa kwanza katika kazi hii ni wewe. Huko Massachusetts, Marekani, mkemia mmoja wa maabara ya dawa za kulevya aligundulika mwaka 2012 kwamba alikuwa akiandika majibu ya sampuli ambazo hakuzipima. Walipomfuatilia ikaonekana hata shahada ya uzamili aliyodai kuwa nayo hakuwa nayo. Kufikia 2017 kesi zaidi ya 21,000 zilikuwa zimefutwa. Anayedanganya kwenye karatasi ndogo atadanganya na kwenye kubwa, na waajiri wanalijua hilo.

Mwili. Chanja homa ya ini aina ya B. Pima kama unatofautisha rangi vizuri, maana kuna idara ambazo hazimchukui asiyezitofautisha. Utapiga magoti kwa saa nyingi, utaamshwa usiku, utabeba mizigo. Kuhusu harufu sina la kukufundisha, ila usivae nguo unayoipenda.

Kamera jifunze sasa hivi, kabla ya chuo, na sisemi kamera ya simu. Kila kitu kina picha zake. Ya mbali inaonyesha chumba. Ya kati inaonyesha kitu kiko wapi ukilinganisha na mlango au kitanda. Ya karibu unapiga mara mbili, bila rula na ukiwa umeweka rula, lenzi ikitazama kitu moja kwa moja bila kuinama upande. Halafu fanya zoezi hili usiku wa leo: kanyaga sakafu yenye vumbi, zima taa, laza tochi karibu kabisa na sakafu ili mwanga upite kwa ubavu. Ule unyayo ambao flashi ya kamera ingeufuta utauona umeinuka, hadi mkwaruzo wa kisigino. Kama jambo hilo halikusisimui, basi okoa ada yako.

Sasa kaa vizuri, maana hili linalofuata ndilo lililonifanya niandike.

Maabara ya polisi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza duniani ilifunguliwa na Edmond Locard huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, katika vyumba viwili vya darini kwenye jengo la mahakama. Chuoni tulikaririshwa kanuni yake, kwamba vitu viwili vikigusana kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Tuliimba kanuni hiyo miaka mitatu. Hakuna aliyetushusha kutoka darini kwenda kuona kinachofanyika ghorofa ya chini.

Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa kwenye nyumba ambamo mtu alikuwa ameuawa kwa kisu. Uani, ndani ya beseni, chini ya taulo, nikakuta shati lenye damu, bado bichi. Nilifanya kila nilichofundishwa. Glovu mpya. Picha zote, na rula. Mfuko wa karatasi badala ya plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu, unyevu huotesha ukungu na bakteria, na hao huiharibu DNA kabla haijafika maabara. Stoo ya vielelezo wakalitia kwenye kabati la kukaushia usiku uleule. Majibu ya maabara yalipotoka yalikuwa mazuri kiasi kwamba mwendesha mashtaka alinipigia simu kunipongeza. Nikavimba kichwa.

Miezi kumi na minne baadaye nikaitwa kutoa ushahidi. Wakili wa utetezi alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, na hakuuliza hata neno moja kuhusu DNA. Aliomba daftari langu.

"Shahidi, tusomee hapo."

Nikasoma: "3:20, shati, beseni."

Akanipa fomu ya stoo. Ilikuwa imejazwa vizuri, na mpokeaji aliandika muda wa kupokea: 22:05.

"Fomu hii inatumia saa 24, sivyo?"

Nikasema ndivyo.

"Basi 3:20 kwa saa 24 ni saa tisa na dakika ishirini usiku. Unaiambia mahakama kwamba shati lilifika stoo muda wa saa tano na robo kabla wewe hujaliona?"

Mimi nilikuwa nimeandika saa kama ninavyoitamka. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini usiku, na neno "usiku" sikuliandika kwa sababu nilikuwa nimesimama gizani na nililiona usiku kwa macho yangu. Nikaeleza hivyo. Akasema sawa, basi picha zitusaidie. Picha zikasema 09:20. Wiki ile nilikuwa nimebadilisha betri ya kamera, na nilipoirudisha saa yake nikaiweka upande wa asubuhi. Sasa shati moja lilikuwa na nyakati tatu, na zote nilizileta mimi au wenzangu.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikasema nakumbuka vizuri kwamba ilikuwa usiku.

"Unakumbuka," akasema. "Lilikuwa na vifungo vingapi?"

Sikujua. Hata leo sijui. Hakimu alilikataa lile shati, na damu iliyokuwa juu yake ikakataliwa pamoja nalo. Nilipotoka, mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni. Aliniuliza kama ndiyo tumemaliza.

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanafikiria duka. Kielelezo kikipotea hivyo, habari zake unazisikia mwenyewe, ukiwa umesimama kizimbani. Kwa hiyo kabla hujachagua chuo uliza mambo mawili, na usikubali kujibiwa kwa brosha. Je, kuna mahakama ya mfano, ambamo mwanafunzi anasimama na daftari lake mwenyewe na mwanasheria halisi anamchana? Na je, wakufunzi wangapi wamewahi kuhojiwa na upande wa utetezi, si kusoma tu kuhusu jambo hilo? Wakianza kukuonyesha mashine mpya, jua hawajakujibu.

Na wewe anza leo. Nunua daftari lililoshonwa, lenye kurasa zenye namba, si la kuchana. Andika kwa kalamu ya wino. Saa iwe ya tarakimu nne, 21:20, na tarehe juu ya kila ukurasa. Andika unachokiona, si unachokifikiri: andika "doa jekundu-kahawia", usiandike "damu", kwa sababu damu atasema mkemia. (Luminoli, ile dawa ya kunyunyizia ili kutafuta damu isiyoonekana, nayo isikuponze, humeremeta hata ikigusa dawa ya klorini ya kusafishia sakafu.) Ukikosea kata kwa mstari mmoja unaosomeka, saini kifupi pembeni. Usifute, usibandike, usiache nafasi ya kujaza kesho. Jaribu kuelezea jikoni kwenu namna hiyo kwa wiki moja, halafu mpe mtu ambaye hajawahi kufika achore ramani kwa kukusoma wewe tu. Utaona aibu. Afadhali uione sasa.

Usiamini kifaa kwa sababu kimeandikwa kuwa ni safi. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye DNA yake ilionekana katika matukio kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa, likiwamo la mwaka 2007 la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwepo kwenye tukio lolote. DNA ilitoka kwa mtu wa kiwandani aliyehusika na vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi DNA. Ndiyo maana sehemu nyingi watachukua na ya kwako siku ya kwanza kazini, ili waitambue ikijitokeza mahali isipotakiwa. Kama hilo linakukera, fikiria tena.

Tena, huendi kumsaidia mtu ashinde. Mara ya kwanza mbinu ya kumtambua mtu kwa DNA, iliyogunduliwa na mwanasayansi Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, ilipotumika katika upelelezi wa mauaji, ilimwondolea kosa kijana aliyekuwa ameshakiri. Hiyo ilikuwa 1986. Muuaji mwenyewe alihukumiwa 1988. Kwa upande wa pili, baada ya mabomu ya treni Madrid mwaka 2004, wataalamu wa FBI walimtambua wakili mmoja wa Marekani kwa alama ya kidole ambayo haikuwa yake. Mmoja alitambua, wenzake wakathibitisha, na mtu akakaa kizuizini kama wiki mbili hadi polisi wa Hispania walipompata mwenye kidole. Hawakuwa wanafunzi hao. Mtu wa pili alijua wa kwanza amesemaje, na hapo ndipo macho hupofuka. Chuoni kwako wakikufundisha kulinganisha alama bila kukufundisha namna wataalamu wanavyokosea, wamekufundisha nusu.

Nafasi za kazi ni chache kuliko viti vya darasani, kwa hiyo kuwa na mlango wa pili. Kemia ina viwanda, hospitali, maji, chakula. Shahada yenye jina la kuvutia mara nyingi ina mlango mmoja, tena mwembamba.

Ongea na watu wa nyumbani. Waambie utarudi usiku na hutaweza kuwasimulia. Kuna matukio ya watoto. Tafuta mapema mtu wa kuongea naye na usisubiri mpaka uanze kuota. Hili ningeliandika zaidi, lakini bado naliogopa.

Mengine ya kuangalia: cheti cha wiki sita cha mtandaoni hakimwajiri mtu. Anayekuahidi kazi kwa ada ya usajili ni tapeli hata akivaa tai. Ukienda mafunzo kwa vitendo usipige picha na simu yako, usiweke chochote mtandaoni, usimsimulie rafiki hata bila kutaja jina, maana miji ni midogo. Ndani ya utepe usile, usinywe, usivute sigara, usitumie choo cha mle, usiegemee ukuta. Glovu badilisha kila unaposhika kitu kipya. Ukijiuliza kama unapaswa kubadilisha, badilisha. Usiazime kalamu. Na kamera ukiibadilisha betri, iangalie saa yake.