Somo: Kupandisha laibrari ya C++ kutoka C++11 hadi C++17

Wakuu, salaam kutoka Arusha. Mara ya kwanza nilipopandisha laibrari yetu ya kusoma mizani ya kahawa, nilibadilisha namba moja tu, ile ya toleo la lugha ya C++. Jamaa yetu wa Moshi mwenye kompyuta ya zamani akashindwa kuikompaili, tena katikati ya msimu. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma. Safari hii nimefanya hivi.

Hatua ya 1: Waulize watumiaji wana kompaila gani (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu kinachoendeshwa na kompyuta). Hapa msiharakishe. Ubuntu 18.04 (mfumo wa Linux) huja na kompaila ya GCC 7, nayo inaijua lugha ya C++17, lakini std::filesystem (sehemu ya C++17 ya kushughulikia faili) imeanza GCC 8, na humo lazima uongeze -lstdc++fs wakati wa kuunganisha programu. GCC 9 ndiyo iliyoondoa usumbufu huo. Kwa hiyo tajeni toleo la kompaila pamoja na vitu mnavyovitumia.

Hatua ya 2: Mkiwa bado C++11, ondoeni vilivyofutwa kwenye C++17. Badala ya std::auto_ptr wekeni std::unique_ptr, badala ya std::random_shuffle wekeni std::shuffle. Vyote viwili vimo tangu C++11, kwa hiyo mnavijaribu kabla ya kuhama. Msiitegemee GCC iwaonyeshe: yenyewe bado huvumilia auto_ptr, kompaila ya Visual Studio ikiwa kwenye C++17 hukataa.

Hatua ya 3: Kwenye CMake, programu ya kuelekeza ukompailishaji (3.8 kwenda juu):

target_compile_features(mizani PUBLIC cxx_std_17)

PUBLIC ndiyo roho ya somo hili. Heda zetu (faili za laibrari ambazo mtumiaji huziingiza kwenye msimbo wake) zina std::optional, ambayo ni ya C++17, na heda hukompailiwa kwa mtumiaji. PUBLIC humpa na mtumiaji sharti la C++17; ukiweka PRIVATE, sharti linabaki kwako tu: kwako itapita, kwake itakwama.

Hatua ya 4: Toeni kama 2.0.0, na tawi la 1.x liendelee kupata marekebisho kwa wenye kompaila za zamani.

MASWALI

Mkuu, mradi wangu uko C++20. Utashushwa?
— Hapana kaka, cxx_std_17 ni kima cha chini tu.

Nimeweka #if __cplusplus < 201703L kwenye heda, Visual Studio inakataa ingawa nimeweka /std:c++17. Shida nini?
— Hapo __cplusplus hubaki 199711L mpaka uongeze /Zc:__cplusplus. Au pima _MSVC_LANG.

Mimi natumia std::make_unique tu. Nami nipande hadi 17?
— Hiyo ni ya C++14, dada. Ishia hapo, usiwafungie watu mlango bure.